Mgunda Mkali: Nyika ya Singida inayomtaka msafiri ajipange kabla ya kuingia

Abiria wa basi litokalo Dodoma kwenda Tabora kwa njia ya Manyoni aghalabu huanza kusinzia mara tu linapoiacha Itigi. Nje ya dirisha hakuna kinachomshawishi kukaa macho. Vichaka vilivyobanana, vyenye kimo kinachokaribia kuwa kimoja, vimetanda pande zote mbili za barabara. Wakati wa kiangazi majani yamekwisha kupukutika na nchi nzima imevaa rangi ya majivu. Baada ya saa chache basi huingia Tabora na abiria huteremka wakijinyoosha, pasipo kukumbuka kitu walichokiona.

Ni wachache miongoni mwao wanaofahamu kwamba wamevuka nchi ambayo katika karne ya 19 jina lake lilitajwa kwa hofu katika kila kambi ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Jina hilo ni Mgunda Mkali. Wapagazi waliobeba pembe za ndovu, vitambaa na shanga waliihesabu nyika hiyo kuwa miongoni mwa sehemu ngumu kuliko zote katika safari ya bara. Sababu yake haikuwa milima wala mito mikubwa. Ilikuwa ni kukosekana kwa maji.

Leo sehemu kubwa ya nyika hiyo imo katika Mkoa wa Singida, upande wa Manyoni na Itigi, na ncha yake ya magharibi inaingia Tabora. Reli na lami vimeipunguzia ukali. Hata hivyo, yeyote anayekata kona kuelekea kusini, kwenye njia ya Rungwa, akiwa na gari, hema na nia ya kulala porini, atagundua kuwa ukali wenyewe haujaondoka. Umesogea pembeni tu ya lami.

Jina na maana yake

Katika lugha kadhaa za Kibantu, mgunda ni shamba au ardhi ya kulimwa. Mgunda Mkali basi ni shamba lenye ukali, yaani nchi inayochoma. Jina hilo linafanana na la nyika nyingine iliyokuwa katika njia hiyohiyo upande wa mashariki, kati ya Mpwapwa na Ugogo, iliyoitwa Marenga Mkali, maana yake maji makali. Msafiri wa zamani aliyetoka pwani alikutana kwanza na maji yasiyonyweka, kisha akavuka Ugogo, na mwisho akaingia katika nchi isiyokuwa na maji ya kutosha.

Kati ya nyika hizo mbili alilipa hongo. Neno hilo, ambalo siku hizi linamaanisha rushwa, wakati ule lilikuwa jina la ushuru uliotozwa na watemi wa Ugogo kwa kila msafara uliopita katika himaya zao na kutumia visima vyao. Wageni walilalamika sana juu ya ushuru huo. Lakini ukitazamwa kwa jicho la wenyeji, ulikuwa bei ya maji katika nchi ambayo kisima kilichimbwa kwa jasho na kulindwa kwa silaha.

Waingereza Richard Burton na John Speke waliivuka Mgunda Mkali mwaka 1857, wakafika Kaze, jirani na Tabora ya leo, Novemba 7 mwaka huo. Miongoni mwa watu wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, ambaye baadaye alirudi katika njia hiyo na Speke na Grant, kisha na Henry Stanley mwaka 1871. Vituo vilivyoandikwa na wasafiri hao, kama vile Mdaburu, Jiwe la Mkoa, Kirurumo, Mgongo wa Tembo na Tura, vinaonesha jinsi nchi ilivyosomwa na waliotembea kwa miguu. Majina mengi ni ya mawe na makorongo, kwa sababu hapo ndipo maji yalipopatikana.

Kwa nini nchi hii ni kavu

Singida si jangwa kwa maana ya mchanga mtupu. Wataalamu huliita eneo la aina hii nusu jangwa. Kwa wastani mvua inayonyesha ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, kiasi ambacho kingetosha mazao mengi kama kingegawanywa vizuri. Tatizo ni kwamba mvua yote hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo hufuata miezi sita au saba ambayo tone la mvua ni jambo la nadra.

Sababu ya kwanza ni mahali mkoa ulipo. Pepo zinazovuma kutoka Bahari ya Hindi hupoteza unyevu mwingi zinapopanda milima ya mashariki, ikiwamo Uluguru na Ukaguru. Zinapofika katika uwanda wa kati, wenye mwinuko wa mita 1,000 hadi 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, huwa zimekwisha kukauka. Upepo huo mkavu, pamoja na jua lisilo na mawingu, hunyonya maji ya mabwawa na madimbwi kwa kasi kubwa.

Sababu ya pili imo ardhini. Sehemu kubwa ya uwanda huo imekaa juu ya mwamba mkongwe wa matale usioweza kuhifadhi maji mengi. Maji hupatikana pale mwamba ulipopasuka au mahali mchanga ulipojikusanya. Ndiyo maana majabali yalikuwa alama ya uhai. Jabali kubwa lililo wazi halinywi mvua, bali huiteremsha yote hadi chini, na mchanga uliolizunguka huipokea na kuificha dhidi ya jua. Mpagazi aliyeona jabali kwa mbali alijua kuwa akichimba chini yake huenda akapata kisima kifupi, hata miezi kadhaa baada ya mvua kukatika.

Aidha, si kila maji yanayoonekana yananyweka. Maziwa Singidani na Kindai, yaliyo pembezoni mwa mji wa Singida, yana maji ya chumvi. Baadhi ya visima vya mkoa huo vina madini ya floridi kwa kiwango kikubwa, ambayo yakinywewa kwa miaka mingi huharibu meno na mifupa. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi wala chumvi.

Ujanja wa terekeza

Misafara ilikuwa na utaratibu maalumu wa kuvuka masafa yasiyo na maji. Utaratibu huo uliitwa terekeza, na usichanganywe na neno la leo la kutelekeza lenye maana ya kumwacha mtu bila msaada.

Katika siku za kawaida msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya adhuhuri, penye maji. Kwa mwendo huo, watu waliobeba mizigo ya frasila mbili kila mmoja, yaani zaidi ya kilo 30, walitembea kilometa 15 hadi 20 kwa siku. Palipokuwa na umbali mkubwa zaidi baina ya kisima na kisima, mwendo huo haukufaa, maana ungewalaza watu na kiu baada ya kutwa nzima juani.

Kwa terekeza, watu walipumzika asubuhi penye maji, wakapika, wakala, wakanywa hadi kutosheka na kujaza vibuyu. Waliondoka baada ya adhuhuri, wakatembea hadi giza lilipoingia, kisha wakalala palepale walipofika bila kutegemea kupata maji. Kabla ya mapambazuko walikuwa njiani tena, na kabla ya jua kuwa kali walikuwa wamefika kwenye kisima kinachofuata. Hivyo masafa ambayo yangehitaji siku mbili za kiu yalivukwa kwa chini ya saa 24, na sehemu kubwa ya mwendo ilifanyika wakati wa baridi.

Hesabu hiyo ilimtegemea kirangozi, yaani kiongozi aliyetangulia mbele ya msafara. Yeye alipaswa kujua siyo tu kisima kilipo, bali pia kama mwezi huo kingali na maji. Kosa la kirangozi halikusahihishika njiani.

Mgunda Mkali ilianza kupoteza sehemu ya ukali wake hata kabla ya wakoloni. Wakimbu, wenyeji wa eneo hilo, walifyeka sehemu za vichaka, wakachimba visima na kuanzisha vijiji vilivyowauzia wasafiri nafaka. Stanley alipopita mwaka 1871 aliona kwamba nyika hiyo haikuwa tena ya kutisha kama ilivyosimuliwa. Lakini vijiji vilivyo kwenye njia ya biashara huvutia pia wenye silaha. Katika miaka ya 1870 mtawala Nyungu ya Mawe, aliyefariki dunia mwaka 1884, aliiunganisha Ukimbu chini ya jeshi lake la rugaruga na kuidhibiti njia hiyo. Aliyemiliki visima alimiliki biashara.

Uji katika sanduku la nguo

Kisa kimoja cha Januari 1875 kinaeleza vizuri kuliko maelezo mengi kinachotokea mipango inapovurugika katika nchi hii. Katika safari yake ya pili Stanley hakufuata njia ya kawaida ya Tabora. Kutoka Ugogo aligeukia kaskazini-magharibi, akakusudia kulifikia Ziwa Victoria kwa kuvuka nchi ya Wanyaturu, ambayo sasa ndiyo kitovu cha Mkoa wa Singida.

Ulikuwa wakati wa mvua, hivyo adui wa safari ile hakuwa kiu. Alikuwa njaa. Msafara uliingia katika vichaka ukiwa na akiba ndogo ya chakula, njia ikapotea, na vijiji vilivyotarajiwa havikuonekana. Baadhi ya watu walikufa porini. Stanley alilazimika kumwaga nguo kutoka katika sanduku lake la bati, akalijaza maji, akalitia shayiri na unga wa lishe uliokuwa katika akiba ya wagonjwa, na kuliweka motoni. Uji mwepesi uliopatikana uligawiwa kwa zaidi ya watu 200, wakati wengine wakiwa wametumwa mbele kutafuta nafaka.

Waliofika katika vijiji vya Wanyaturu walikuwa dhaifu na wagonjwa. Edward Pocock, mmoja wa Waingereza watatu waliofuatana na Stanley, alikufa huko kwa homa mwezi huohuo. Siku chache baadaye, mahali palipoitwa Vinyata, yalizuka mapigano makali baina ya msafara na wenyeji, na watu wengi wakapoteza maisha kwa pande zote mbili. Watu waliofika kwa utaratibu, wenye chakula na wakati wa kujitambulisha, pengine wangepokewa kwa namna nyingine.

Reli, kisha lami

Ukali wa Mgunda Mkali ulivunjwa na chuma. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Ilipanda ukingo wa Bonde la Ufa kati ya Saranda na Manyoni, kisha ikapasua vichaka vya Itigi. Safari iliyowachukua wapagazi wiki nzima na zaidi ikawa ya saa chache. Miji ya Manyoni na Itigi ilikua kandokando ya stesheni, na vituo vya kale vya misafara ambavyo reli haikuvigusa vikafifia.

Barabara ilikuja polepole zaidi. Kwa miongo mingi njia ya gari kati ya Manyoni na Tabora ilikuwa ya mchanga na tope, na madereva wengi waliona heri kuzunguka kwa Singida na Nzega. Hali hiyo ilibadilika lami ilipojengwa kwa vipande. Cha mwisho, kilometa 85 kati ya Nyahua na Chaya, kilizinduliwa mwaka 2022. Tangu hapo gari dogo linaweza kuondoka Manyoni baada ya kifungua kinywa na kufika Tabora, umbali wa kilometa 260 hivi, kabla ya chakula cha mchana.

Nyika iliyobaki

Anayetaka kuijua nchi yenyewe hana budi kuiacha lami hiyo. Kutoka Mkiwa, kwenye barabara ya Manyoni na Singida, njia huelekea Itigi, kisha hugeukia kusini kupitia Mitundu hadi Rungwa, na kuendelea hadi Makongolosi, Chunya na Mbeya. Kutoka Itigi hadi Makongolosi ni karibu kilometa 400. Lami imekuwa ikisogezwa kwa awamu kutoka ncha zote mbili, lakini sehemu ndefu ya katikati ni ya changarawe na udongo.

Upande wa mashariki wa njia hiyo kuna mapori ya akiba ya Rungwa, Muhesi na Kizigo, ambayo kwa pamoja yana ukubwa unaozidi kilometa za mraba 15,000. Mapori hayo yamepakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964. Tembo, nyati, simba na mbwa mwitu huzunguka humo bila uzio. Vijiji ni vichache, na katika sehemu nyingi simu ya mkononi haishiki mtandao.

Wasafiri wa mijini ambao siku hizi hupenda kwenda na gari na kulala katika mahema huvutiwa na njia hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, huunganisha kanda ya kati na nyanda za juu kusini bila kupita Iringa. Pili, usiku wake hauna taa hata moja, na nyota huonekana kama zilivyoonekana na wapagazi wa Burton. Wanachokisahau baadhi yao ni kwamba gari likiharibika katikati ya njia hiyo, wanarejea papo hapo katika hali ya mwaka 1857, isipokuwa hawana kirangozi.

Hesabu ya maji na mafuta

Jambo la kwanza ni maji. Mtu mzima anayefanya kazi katika joto huhitaji takriban lita tano za kunywa kwa siku, mbali na za kupikia na kunawa. Kanuni ya busara ni kubeba maji ya siku za safari mara mbili. Watu wanne wanaotarajia kuwa njiani siku mbili wabebe ya siku nne, yaani lita 80, sawa na madumu manne ya lita 20. Yasiwekwe katika chombo kimoja, kwa kuwa tundu moja linaweza kumaliza akiba yote. Maji ya rejeta yahesabiwe peke yake.

Jambo la pili ni mafuta. Gari kubwa la kuvuta magurudumu yote, likitembea kwa gia ndogo mchangani, linaweza kutumia lita 18 kwa kila kilometa 100, na pengine zaidi. Kwa kilometa 400 hizo ni lita 72, na ni vyema kuongeza theluthi moja kwa ajili ya kupotea njia au kukwama. Tangi lijazwe Itigi au Manyoni pasipo kungojea kituo kingine mbele.

Matairi mawili ya akiba, jeki na kipande cha ubao wa kuikalisha jeki juu ya mchanga, kamba ya kuvutia, sepetu na pampu ya upepo ni vifaa vya lazima. Gari likizama mchangani, dereva asikanyage mafuta kwa hasira, maana gurudumu linalozunguka bure hujichimbia kaburi. Apunguze upepo wa matairi ili yatanuke na kukanyaga eneo kubwa, aondoe mchanga mbele ya magurudumu, kisha atoke taratibu. Akifika penye udongo mgumu ayajaze tena kabla ya kuongeza mwendo.

Msimu nao una sheria zake. Kuanzia Desemba hadi Aprili udongo mweusi wa mbugani hugeuka utelezi unaoweza kulishika gari kwa siku nzima. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo inayofaa zaidi, ingawa usiku huwa na baridi na upepo mkali ambao wageni wengi hawautarajii. Oktoba na Novemba joto hufikia kilele, na visima vingi vya wenyeji huwa katika hali mbaya kuliko wakati wowote.

Likitokea la kutokea, shauri kuu ni moja: abiria wasiliache gari. Gari hutoa kivuli, huonekana kwa mbali na hukaa njiani, mahali ambapo lori au pikipiki itapita mapema au baadaye. Anayeondoka kwa miguu kufuata msaada saa saba mchana hupoteza maji mengi mwilini kwa muda mfupi, na katika vichaka vya Itigi mtu hupotea akiwa mita chache tu kutoka barabarani. Kabla ya kuondoka, mtu aliyebaki mjini aachiwe maelezo ya njia, idadi ya wasafiri na saa ambayo, ikipita bila taarifa, atapaswa kuwajulisha polisi.

Kambi, mbung'o na idhini

Kupiga kambi si suala la kutandika hema popote. Ndani ya pori la akiba msafiri anahitaji kibali cha Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, na anapaswa kulala mahali atakapoelekezwa. Nje ya pori, ardhi ina wenyewe. Desturi, na pia busara, ni kupita kwanza kwa ofisa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, kujitambulisha na kuomba pa kulala. Wenyeji ndio wanaojua tembo wanapita wapi, na kisima kipi kinatumiwa na fisi usiku.

Hema lisisimikwe ndani ya korongo kavu hata kama mchanga wake ni laini namna gani. Mvua iliyonyesha mbali, isiyoonekana kambini, inaweza kushusha maji kwa ghafla. Lisiwekwe pia kwenye njia za wanyama wala karibu na bwawa, kwa kuwa katika nchi kavu kila kiumbe lazima kije kunywa. Chakula kifungiwe garini, kamwe kisiwekwe hemani. Moto uwashwe mahali palipofyekwa, kwa kuni zilizokauka zenyewe, na uzimwe kwa mchanga asubuhi. Moto mmoja ulioachwa mwezi wa Septemba unaweza kuteketeza maelfu ya ekari na mizinga ya nyuki iliyotundikwa humo.

Adui mdogo wa nyika hiyo ni mbung'o. Mdudu huyu ndiye aliyezuia ufugaji katika sehemu kubwa ya Ukimbu, kwa kuwa huambukiza ng'ombe na punda ugonjwa wa nagana, na binadamu ugonjwa wa malale. Huuma mchana, hufuata vitu vinavyotembea yakiwamo magari, na huvutiwa na rangi za buluu na nyeusi. Nguo nzito za rangi ya mchanga, zenye mikono mirefu, hukinga zaidi kuliko dawa za kupaka zilizotengenezwa kwa ajili ya mbu.

Malale hayana chanjo. Aliyerejea kutoka porini akapata homa, maumivu ya kichwa au kidonda mahali alipoumwa, asiishie kupima malaria peke yake. Amweleze daktari kwamba alikuwa katika nchi ya mbung'o. Ugonjwa ukigundulika mapema hutibika. Ukifika katika ubongo, matibabu huwa magumu na kifo huwa karibu. Hospitali kubwa iliyo jirani na njia hiyo ni ya Mtakatifu Gaspari, mjini Itigi.

Kichaka kinachopungua

Wako watakaouliza nyika kavu namna hiyo ina thamani gani. Jibu limo katika vichaka vilevile vinavyomchosha abiria wa basi. Vichaka vya Itigi, vyenye kimo cha mita tatu hadi tano, ni uoto wa aina ya pekee. Nje ya uwanda huo wa Tanzania, uoto unaofanana nao unapatikana kaskazini mwa Zambia, kati ya Ziwa Mweru Wantipa na Ziwa Tanganyika, na huko sehemu kubwa imekwisha kufyekwa.

Mimea yake imezoea kuishi juu ya udongo wa kichanga ulio na tabaka gumu chini. Mvua inaponyesha, maji hukaa juu ya tabaka hilo na mizizi huyanywa. Kiangazi kikiingia, mimea huangusha majani na kungoja. Mara baada ya mvua za kwanza hutoa majani na maua kwa wingi, na nyuki hujaa. Asali ya Manyoni na Itigi inatokana na maua hayo, na eneo la Aghondi limetengwa kuwa hifadhi ya nyuki.

Kufyekwa kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa kunakipunguza kichaka hicho mwaka hadi mwaka, na barabara nzuri, pamoja na neema zake zote, hurahisisha usafirishaji wa mkaa kama inavyorahisisha usafiri wa watu. Wilaya ya Manyoni imefungua pia mashamba makubwa ya pamoja ya korosho. Wananchi wanahitaji kipato, na hakuna anayeweza kuwaambia wakae na njaa ili kulinda vichaka. Lakini kichaka kikishaondoka, mchanga ulioachwa wazi hupeperushwa na upepo, na nchi iliyokuwa nusu jangwa hupiga hatua moja kuelekea kuwa jangwa kamili.

Hapo ndipo msafiri wa mjini, mwenye hema lake na madumu yake ya maji, anapohusika zaidi ya kujifurahisha. Asali anayoinunua Itigi, ada anayoilipa porini na fedha anayoiacha kijijini kwa aliyemwonesha pa kulala ni miongoni mwa sababu chache zinazomfanya mwenyeji akione kichaka kuwa na faida kikiwa kimesimama.

Wakimbu walioichimbia visima Mgunda Mkali hawakuishinda kwa nguvu. Waliisoma, wakajua maji yako wapi na yanaisha lini, kisha wakapanga maisha yao kwa kufuata hesabu hiyo. Anayekusudia kuivuka leo kwa gari hana sharti jingine. Ahesabu maji yake kabla ya kuiacha lami, kwa sababu baada ya hapo hakuna wa kumhesabia.